Mgeni wa Mkesha wa Noeli

Somo la wakatekumeni kwa majuma ya Majilio



Siku za Majilio zimefika, na hapa Katoto dalili zake zajulikana na kila mtu. Mvua yanyesha karibu kila alasiri, njia zimejaa tope, mahindi shambani yamefika kifuani lakini hayajabeba. Chakula cha ghalani kinakwisha. Watoto wanajifunza nyimbo, na akina mama wanahesabu unga uliobaki. Angalieni basi: sikukuu ya Noeli hutufikia katika mwezi wa upungufu, si katika mwezi wa mavuno. Neno hili mliweke moyoni, maana somo letu la leo lahusu kumpokea mgeni, na mgeni hapimi ghala kabla ya kubisha hodi.

Kwanza tutazame neno lenyewe. Katika Kiswahili neno "mgeni" lina maana mbili. Mtu nisiyemjua, aliyetoka nisikokujua, ni mgeni. Na mtu niliyemwalika kwangu, niliyemchinjia kuku na kumtandikia mkeka mzuri, naye pia ni mgeni. Wenye lugha nyingi za Ulaya wana neno moja kwa yule wa kwanza na neno jingine kwa yule wa pili. Sisi twawaita wote wawili kwa jina moja. Waliotuachia lugha hii hawakuona sababu ya kuwatenga, wala Bwana wetu hakuwatenga alipofundisha, katika Injili ya Mtakatifu Mathayo sura ya 25, kwamba siku ya hukumu atatuuliza kama tulimpokea alipokuwa mgeni.

Sasa tuingie Betlehemu. Katika michezo ya Noeli tunayoigiza shuleni, yuko daima mtu mmoja mwenye kilemba na fimbo, anayesimama mlangoni na kumfukuza Mtakatifu Yosefu. Watoto hupenda sana kupewa nafasi ya mtu huyo, kwa kuwa ana ruhusa ya kupiga kelele. Lakini fungueni Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 2, mkamtafute. Hayumo. Luka asema tu kwamba Bikira Maria alimlaza Mtoto wake katika hori la kulishia wanyama, kwa sababu mahali pa wageni hapakuwa na nafasi kwa ajili yao. Hakuna mtu aliyewatukana. Hakuna mlango uliopigwa kwa nguvu.

Tena wajuao Kigiriki, yaani lugha ambayo Luka aliandika, hutuonyesha jambo jingine. Neno alilolitumia hapo laweza kuwa na maana ya chumba cha wageni katika nyumba ya watu. Ni neno lile lile alilolitumia katika sura ya 22 kwa chumba ambamo Yesu alikula karamu ya mwisho pamoja na mitume. Bali katika sura ya 10, Msamaria mwema anapompeleka mtu aliyejeruhiwa kwenye nyumba ya kulipia, na kumpa mwenye nyumba dinari mbili, Luka ametumia neno lingine. Basi wengi wa wafasiri wa Maandiko hufikiri kwamba Yosefu alifika katika nyumba ya watu wa kawaida, labda ya jamaa zake, nayo ilikuwa imejaa. Watu wengi walikuwa wamekuja kuandikwa majina kwa amri ya Kaisari. Kila mkeka ulikuwa na mtu wake. Wenye nyumba hawakuwa wabaya. Walikuwa wamejaa.

Nataka mkae hapo kidogo, maana ndipo penye shida yetu. Mtu akiniambia, "Usimchukie mgeni," mimi nitajibu, "Simchukii." Nitakuwa nimesema kweli, na mgeni atabaki nje.

Nitawasimulia jambo langu mwenyewe, ingawa halinipi sifa. Miaka michache iliyopita, mkesha wa Noeli, gari la mizigo lilikwama njiani kwa ubovu wa injini. Watu waliokuwa wamepanda juu ya mabehewa wakashuka, wakatawanyika vijijini kutafuta mahali pa kulala. Mwajua kwamba wengi husafiri hivyo kwa kukosa njia nyingine, na hatari yake mwaijua: tarehe 22 Aprili 2014 gari la mizigo liliacha reli karibu na Katongola, kaskazini ya Kamina, na makumi ya watu wakafa. Basi usiku ule, mvua ikinyesha, nikasikia hodi. Nikafungua. Mtu mzima alisimama mbele yangu, amembeba mgongoni binti yake wa miaka kama sita. Nilipomsikia akisema, nilitambua mara moja kwamba ametoka Kasai.

"Bwana mwalimu," akasema, "wamenielekeza kwako. Wamesema wewe ni mtu wa Kanisa. Mtoto ana homa. Naomba mahali pakavu tu, hata jikoni."

Nyumba yangu ina vyumba viwili. Usiku ule walikuwamo wakwe zangu, na shemeji zangu na watoto wao, na jikoni walilala vijana wawili. Nikamwambia, "Baba, unisamehe. Hakuna nafasi." Sikusema uongo. Nikampa maembe mawili, nikamwonyesha nyumba ya jirani, nikafunga mlango kwa sababu mvua ilikuwa ikiingia ndani. Kisha nikakaa karibu na taa, nikaendelea kutayarisha masomo ya sikukuu.

Kesho yake padri hakuweza kufika kwa ubaya wa njia, na mimi nikaongoza ibada. Nilisoma Injili. Nilipofika mahali pale Luka anaposema juu ya nafasi, sauti ikanikatika, maana maneno hayo yalikuwa yangu ya jana usiku. Nikainua macho, nikamwona yule baba ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango, mtoto amelala mapajani pake.

Walilala wapi? Ili mwelewe yatupasa kusema kidogo juu ya ng'ombe.

Babu zetu Waluba walikuwa wakulima, wawindaji, wavuvi na wahunzi. Walifuga mbuzi na kuku, lakini ng'ombe hawakuwa mali yao, kwa kuwa mbung'o huwaua. Ni katika miaka ya 1920 makampuni ya Wabelgiji yalipoanza kufuga ng'ombe kwa maelfu katika nyika za Katanga na za Lomami ya Juu, kwa sababu migodi ya shaba ilihitaji nyama ya kuwalisha wafanyakazi. Hivyo ng'ombe mwenyewe ni mgeni katika nchi yetu, na mara nyingi mtu anayemchunga ni mgeni vile vile. Ameajiriwa, ametoka mbali, hana shamba la ukoo wala shemeji wa kumtetea. Ng'ombe akipotea, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Kijiji chamjua kwa kazi yake, na pengine hakimjui kwa jina. Sikukuu ikifika, yeye hukesha zizini, kwa maana ng'ombe hajui Noeli. Mkisoma habari za wachungaji wa Betlehemu, waliokuwa kondeni wakilinda kundi kwa zamu za usiku, mfikirie mtu wa namna hiyo, si mfugaji tajiri aliyelala kwake.

Basi mchungaji mmoja wa ng'ombe, mwenye chumba kimoja tu kando ya kijiji, alikuwa akienda kwenye zamu yake usiku ule. Akawakuta yule baba na mtoto chini ya mwembe, kwa maana jirani yangu naye alikuwa amejaa. Akarudi, akawafungulia chumba chake, akawapa mkeka, blanketi, na maziwa yake ya siku ile ayapashe moto kwa ajili ya mtoto. Kisha akaenda zizini katika mvua, bila blanketi.

Mtu huyo hakuwa amebatizwa. Alikuwa katika darasa langu la wakatekumeni tangu miezi mitatu, na mara nyingi nilimwona kuwa mzito wa kushika maswali ya Katekisimu. Nilipomwuliza kwa nini alifanya vile, alinitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikuwa nakesha. Mkeka ulikuwa unakaa bure."

Nikarudi nyumbani nikiyafikiri maneno hayo. Nikatia mkono mfukoni, nikagusa ufunguo wa darasa. Darasa la shule, ndugu zangu! Lina paa la mabati, halivuji, lina sakafu kavu, nalo lilikuwa tupu kwa ajili ya likizo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu nilipomwambia yule baba kwamba hakuna nafasi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuufikiri ufunguo ule. Nilikuwa na haraka, ndiyo. Nyumba ilikuwa na kelele. Lakini yatupasa kuungama kweli yote: nilikuwa nimesikia namna yake ya kusema. Kama angekuwa mtu wa Bukama au wa Malemba-Nkulu, labda kichwa changu kingetafuta zaidi.

Ninyi vijana hamkuyaona mambo ya 1992 na 1993, wala mimi sikuyaelewa, nilikuwa mtoto au sijazaliwa kama wenzangu wengi. Lakini wazee wanayajua. Tangu Agosti 1992 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika mji wa Likasi, kisha mwaka 1993 katika mji wa Kolwezi. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga, na baba zao waliletwa au walikuja kufanya kazi ya migodi na ya reli. Waliitwa wadudu. Maelfu kwa maelfu walikaa stesheni kwa miezi wakingoja gari la moshi la kuwapeleka nchi ambayo wengine hawakuiona kamwe, na wengi wakafa kwa maradhi na njaa, watoto kwanza. Noeli ya 1992 ilikuta watu wamelala hivyo, mwendo mfupi tu kutoka makanisani ambamo hori lilikuwa limepambwa. Reli ya kwenda Kasai hupita Kamina, basi walipita hapa kwetu. Waliofukuza walikuwa wamebatizwa, na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa.

Sisemi hayo ili kuwahukumu wazee. Wako waliowaficha jirani zao, wako waliowapelekea chakula stesheni. Nasema kwa sababu maji ya Ubatizo mnayoyangojea hayataondoa yenyewe mazoea ya sikio. Mtajifunza sala, mtajifunza amri, mtajibu maswali ya padri vizuri, na bado sikio lenu litaendelea kupima lafudhi ya mtu anayebisha hodi, kama langu. Familia Takatifu nayo ilikuwa na lafudhi. Walipomkimbia Herode waliingia Misri, katika bara letu la Afrika, wakaishi kati ya watu ambao lugha yao haikuwa yao.

Nawasikia tayari wengine wakisema, "Lakini mwalimu, mgeni aweza kuwa mwizi." Ni kweli, aweza. Katika nchi ya ng'ombe neno hili si mchezo: mnyama mmoja akipotea usiku, kesho kijiji kizima chaweza kushukiwa, na mtu asiyejulikana aliyelala kwako atakuletea maneno. Sitawaambia kwamba upendo wa Kikristo ni ujinga. Desturi ya kumpeleka mgeni kwa chifu ili ajulishwe ni desturi njema, na aliye mwema haiogopi. Ila kuna utaratibu wake. Mtu aliyelowa na mwenye njaa hulishwa kwanza, kisha huulizwa. Abrahamu alifanya hivyo. Twasoma katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, jinsi alivyokuwa ameketi mlangoni pa hema wakati wa jua kali, akawaona watu watatu. Hakuwajua. Akapiga mbio, yeye mzee wa karibu miaka mia, akakimbia mwenyewe kundini kuchagua ndama laini, akamhimiza Sara akande unga, akaleta siagi na maziwa, akasimama karibu nao chini ya mti wakila. Tazameni pia kwamba hakuchagua ndama mgonjwa. Mwenye mifugo anaelewa maana yake.

Tena nanyi mwaijua methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huisema wakicheka, kana kwamba ni njia ya kumfukuza mtu. Mimi siifahamu hivyo. Anayefukuzwa hapewi jembe, huonyeshwa njia. Jembe hupewa mtu wa nyumbani. Inashangaza kwamba Wakristo wa kwanza walikuwa na sheria iliyo karibu sana nayo. Kuna kitabu kidogo cha kale sana kiitwacho Didake, yaani Mafundisho, ambacho wengi hukadiria kwamba kiliandikwa karibu na mwisho wa karne ya kwanza. Humo imeagizwa kwamba msafiri anayekuja kwa jina la Bwana apokewe na kusaidiwa. Asikae zaidi ya siku mbili, au tatu ikiwa lazima. Na akitaka kukaa kabisa, afanye kazi ale. Wakati ule Wakristo nao walidanganywa na wazururaji, na kitabu chenyewe chaonya juu ya watu kama hao. Hata hivyo hawakufunga milango.

Yule baba wa Kasai hakungoja kupewa jembe. Siku ya pili mtoto alipopata nafuu kwa dawa ya masista, yeye alichukua jembe la mwenyeji wake, akapalilia mahindi yake mpaka gari lilipopona na kuondoka. Palizi lile lilikuwa limechelewa. Mchungaji hakuwa amepata siku ya kulifanya.

Sasa neno juu ya hori tutakalolitengeneza kanisani. Wamisionari waliotuletea Injili katika nchi ya Kamina walikuwa Wafransisko wa Ubelgiji. Roma iliwakabidhi nchi hii mwaka 1922, ilipoitwa Lulua na Katanga ya Kati, nayo ikawa Jimbo la Kamina mwaka 1959. Ni wana wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, na Fransisko ndiye aliyetufundisha kusherehekea Noeli mbele ya hori. Ilikuwa mwaka 1223, miaka mitatu kabla ya kufa kwake, katika kijiji cha mlimani nchini Italia kiitwacho Greccio. Alimwomba rafiki yake mmoja, mwenye mashamba huko, atayarishe hori, majani makavu, ng'ombe na punda wa kweli. Hakuweka sanamu za Maria na Yosefu. Watu wakaja usiku na mienge, Misa ikasomwa juu ya hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili na kuhubiri. Mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda mahali pale pale, akatia sahihi barua yake juu ya maana ya hori la Noeli.

Lakini aliyeandika habari za mtakatifu huyo, ndugu Tomaso wa Celano, ametuachia jambo ambalo hatulisemi mara nyingi. Fransisko alitamani siku ya Noeli matajiri wawashibishe maskini, na ng'ombe na punda wapewe chakula kuliko siku nyingine. Tena alisema kwamba kama angeweza kuonana na mfalme, angemwomba awaamuru watu wamwage nafaka njiani kwa ajili ya ndege. Kumwaga nafaka njiani! Mama mmoja wa Katoto aliyesikia hayo aliniuliza kama mtakatifu huyo aliwahi kulima mwezi wa Desemba. Nikacheka, lakini swali lake ni la haki. Fransisko alikuwa maskini kuliko sisi. Hakuwa na ghala yoyote, na kwa hiyo hakuwa na kitu cha kuhesabu.

Mwaka huu majani ya hori yataletwa na wachungaji wa ng'ombe wenyewe, nami nimewaomba wasimame mbele pamoja na watoto wakati wa kulipanga. Tena, kwa ruhusa ya padri na ya mkubwa wa shule, ufunguo wa darasa hautakaa mfukoni mwangu wakati wa likizo. Utakaa kwa mzee wa kanisa, katika nyumba ya kwanza ukitoka upande wa reli, na taa itawashwa kibarazani pake kila usiku tangu mkesha wa Noeli hadi sikukuu ya Epifania. Atakayefika atalala humo, na asubuhi mzee atampeleka kwa chifu. Kila nyumba ya wakatekumeni itakuwa na zamu moja ya kuleta bukari na sombe. Si lazima iwe nyama.

Kwa Jumapili ijayo kila mmoja ajitayarishe kujibu kwa maneno yake mwenyewe: Luka asema nini, na hasemi nini, juu ya nyumba ya Betlehemu? Abrahamu aliwapa wageni nini, na ni nani aliyekwenda kukichukua? Kwa nini twasema kwamba jembe la siku ya tatu ni heshima? Na swali la nne msilijibu mbele ya wenzenu, mlijibu katika sala: ni mtu wa wapi ambaye sauti yake hukufanya useme haraka kwamba hakuna nafasi?

Mikeka tunayo miwili, yatakiwa minne. Mwenye mkeka unaokaa bure aulete Jumamosi, baada ya mazoezi ya nyimbo.